Mishono Aliyoifumua Mama

Mama huyu fundi cherehani alikuwa na mdomo, Mungu amsamehe. Mtaa mzima walimwita Honi. Ukimletea kitambaa kifupi, atakusema mpaka usahau ulifuata nini. Binti yake kitindamimba alifundishwa naye kushona kwa masimango hayohayo, na binti akatoka fundi hasa.

Binti alipopata mimba, kichwa kikawa kinamuuma, anatapika, macho yanaingia ukungu. "Mimba hiyo," mama akasema. "Wewe mwenyewe ulinilaza chali mpaka unatoka." Kisha mishono ikaanza kupinda. Kiuno cha sketi kinakwenda kama njia ya mlevi. Honi akafungua kinywa amseme, akaliona lile tumbo, akakifunga. Binti akienda kujinyoosha, mama anashika wembe, anafumua, anashona upya. Wateja wakasifu, na binti akaamini. Mchelea mwana kulia, wahenga walishasema.

Mimba ya miezi sita, binti akaanguka mbele ya cherehani, mwili mzima unatetemeka. Hospitali wakampiga picha ya kichwa, wakaona uvimbe kwenye ubongo, umekandamiza mishipa ya macho.

"Macho yalianza lini kusumbua?" daktari akauliza.

"Ukungu tu, daktari. Ningekuwa sioni, ningeshona? Muulize mama, mshono wangu haujawahi kurudishwa."

Mama akatazama sakafu. "Ulikuwa unapinda. Tangu mimba changa. Nilikuwa nafumua."

Daktari hakumgombeza. Alisema uvimbe hauwezi kungoja mtoto azaliwe. Na macho, wangewahi kufika, labda yangepona.

Wakampasua binti kichwa, mtoto akiwa bado tumboni. Nje, mkwe, mume wa binti, akamsogelea Honi kwenye benchi. "Mama, nitukane basi, kama nilivyozoea."

"Sina hamu, baba."

Binti na mtoto tumboni, wote wawili walitoka salama. Mtoto akazaliwa kwa wakati wake, wa kike, na sauti ya bibi yake. Lakini jicho la kushoto halikurudi, la kulia linabahatisha, na cherehani ikawa basi.

Siku moja, akinyonyesha, binti akauliza bila hasira: "Mama, wewe humwachi hata mwenye nyumba. Mimi mbona ulininyamazia?"

"Nilikuonea huruma, mwanangu."

Binti akaitikia kwa kichwa. Akapapasa mezani kutafuta kikombe cha chai, mkono ukakipita. Honi akanyoosha wake amsogezee, akaurudisha.

"Kushoto," akasema. "Zaidi. Hapohapo."