Ndama Wakishaingia Ngitili

Sisi tuliokulia kule ndani, mbele zaidi ya Bukundi, tulizoea kuhurumiwa tangu wadogo. Mgeni akifika na baiskeli yake, vumbi mpaka kwenye kope, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Jamani, huku mnaishije?" Tuliishi vizuri tu, asante. Nalisema leo kwa sababu enzi zile nilikuwa mtoto na mtoto hakumjibu mgeni.

Asubuhi tuliondoka kwenda shule na matobolwa mfukoni, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa na kuanikwa hadi vikauke kabisa. Ukikitia kimoja shavuni nyumbani, unafika nacho darasani, na mwalimu akikuuliza swali unajibu huku umevimba upande mmoja. Jioni tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukaoana na kulipana mahari, tukagombana kwa sababu fahali wa fulani amevunjika pembe. Leo mpwa wangu akikosa mtandao nusu saa anatangaza kwamba kijiji kimekufa. Sisi redio moja ilihudumia kaya nne, tena betri zake zilianikwa juani pamoja na viazi ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari.

Lakini fahari yetu ilikuwa ngitili, malisho ya akiba ya kila kaya. Mvua zikianza, eneo lile linafungwa, ng'ombe hakanyagi, ili majani yasimame mpaka kiangazi. Ya nyumbani kwetu ilikuwa imezungushiwa minyaa, na ndani yake miti ilishonana hata sisi watoto tukaiita msitu. Humo mlikuwa na matundwa, ukwaju, kuni, nyasi za kuezekea, na dawa za tumbo ambazo Bibi alizichimba bila kutuonyesha mahali. Kiangazi kikikaza, ngitili inafunguliwa, na siku hiyo ilikuwa ya watoto. Wanaoingia kwanza ni ndama, na wachunga ndama ni sisi. Wakubwa na mafahali wao walisubiri nje. Bibi yangu, mama yake baba, Kabula kwa jina, alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila mwaka akiondoa miiba mlangoni: "Ndama wakishaingia, jembe halina ruhusa." Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuwatoa ndama wakishaingia. Ilikuwa mwiko kama mwiko mwingine.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa na soko huria. Zamani pamba tuliipeleka ushirika na kungoja. Sasa wanunuzi walitufuata wenyewe, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Mitumba ikajaa gulioni, viatu vya raba vikaonekana miguuni mwa watu ambao hawakuwahi kuvaa viatu, na kila mwenye ardhi akafyeka apande pamba. Majirani walifungua ngitili zao kwa shoka. Tukitoka shule tuliona moshi wa visiki upande huu na upande ule, na watu wakasema ndiyo maendeleo.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mwenye sauti nyumbani alikuwa mdogo wake, Baba Mdogo Masanja. Sio kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti wa kusomesha na alichoka kuitwa mtu wa porini. Akakubaliana na mnunuzi mmoja: trekta ling'oe msitu wetu, sisi tupande pamba, yeye ainunue yote. "Mayu," alimwambia Bibi wakati wa chakula, akimwita mama kwa Kisukuma, "huku hakuna mbele. Tukikaa na vichaka tutabaki hivi hivi." Bibi aliendelea kumega ugali. Baba Mdogo akadhani ameshinda.

Asubuhi ambayo trekta lilitarajiwa, Bibi alituamsha kabla ya kukamua. Ilikuwa bado mapema mno kufungua ngitili. Nje kulikuwa na majani ya kutosha. Akasema tu, "Fungueni ndama." Aliondoa miiba kwa mikono yake, nasi tukapita tukipiga mbinja, ndama wakirusha miguu kwa furaha. Halafu akaweka kigoda chake katikati ya mlango, beseni la viazi pembeni, akaanza kumenya na kukata michembe, vipande vibichi vya kuanika, kana kwamba hiyo ndiyo sehemu yake ya siku zote.

Trekta lilikuja likinguruma. Dereva alikuwa kijana wa Ngulyati, kofia kaigeuza nyuma. Bibi hakuinua kichwa. Sasa kwetu mdogo hamsalimu mkubwa akiwa amekaa juu, iwe juu ya punda au juu ya mashine. Kijana aliangalia huku na huku, akazima injini, akashuka, akachuchumaa kutoa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Ng'wana nani?"

Akasema ni mtoto wa nani. Basi Bibi akauliza habari za baba yake, za mama yake, za ng'ombe, za mvua ya Ngulyati, za bibi yake kama bado anaona vizuri. Katikati ya hayo alimpa kisu na kiazi. Kijana akamenya. Akapewa kipande, akala. Tuliokuwa ndani ya minyaa tulijiziba midomo tusicheke.

Baba Mdogo alifika mbio na mnunuzi nyuma yake. "Mayu, ondoka hapo, kazi ianze!"

"Ndama wameshaingia," Bibi akasema. "Kawatoe."

Baba Mdogo alichungulia. Na yeye alikuwa amechunga ndama humo humo, akiwa na umri wetu. Fimbo alikuwa nayo mkononi, lakini hakuingia. Mnunuzi akamwamuru dereva awashe. Kijana akafuta kisu kwenye suruali, akakirudisha kwa Bibi. "Bosi, nimeshakula kwake. Mimi simpandii mayu na trekta." Likageuzwa.

Msidhani tulishangilia mpaka mwisho. Kufungua mapema kulitugharimu. Majani yaliisha kabla ya mvua, ng'ombe wakakonda, maziwa yakakauka, tukanywa uji mkavu. Baba Mdogo hakusema na mama yake mpaka mvua za kwanza. Bibi alijua yote hayo alipokuwa anaondoa miiba, na ndiyo maana nampenda hadi leo. Mvua zilipoanza, alirudisha miiba mlangoni, na msitu ukaanza upya.

Binti wa Baba Mdogo alisoma. Ada yake ilitoka kwa ndama wale wale, walipokua wakawa madume na kuuzwa. Mimi nilishona nguo Bariadi mjini miaka mingi, kisha nikarudi, na watu wakanihurumia tena. Pale palipokuwa na ngitili za majirani, upepo wa kiangazi unapita moja kwa moja mpaka Bukundi bila kugusa mti. Wake zao huja kwangu kuomba kuni, nami huwapa.

Bibi hayupo. Naikumbuka sauti yake zaidi kuliko sura, na mara nyingine kiangazi huniuma moyoni bila sababu. Watoto wetu siku hizi hawajui ndama yupi ni wa ng'ombe yupi, ila bei ya kiwanja wanaijua mpaka ya Dar. Wapwa zangu wamepata mtu wa kununua msitu. Wameniambia kwa simu, kwa upole, kwamba huku hakuna mbele, na kwamba kesho watamleta kwa pikipiki aone.

Viazi nimeshachimba, kisu nimenoa, kigoda cha Bibi kipo. Ndama wataingia alfajiri. Atakayekuja, ashuke kwanza kwenye pikipiki anisalimu.