Kitanda cha Msufi

Mume wa miaka sitini akianza kunywa chai bila sukari, mke mwenye akili zake hamuulizi ana maradhi gani. Anauliza jina la mwanamke. Mimi sikuuliza, kwa sababu nina kiburi, na kwa sababu nilitaka kwanza nikusanye ushahidi wa kutosha kumzika nao.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipostaafu nilidhani atafanya kama wastaafu wenziwe hapa kwetu karibu na Konde: atakaa barazani, atacheza bao, atailalamikia serikali mpaka adhana ya alasiri. Badala yake akaanza kupungua. Akila wali sahani moja anasukuma sinia. Boko boko la harusini, ambalo zamani alikuwa akilifuata mpaka jikoni kwa wapishi, sasa analionja kwa ncha ya kidole kama aliyepewa dawa. Asubuhi alipiga mswaki amesimama kwa mguu mmoja, na nilipomuuliza mguu wa pili una nini, akasema unapumzika.

Msimu wa karafuu ulipoingia mambo yakazidi. Tuna mikarafuu michache Mtambile, kwao, na kila mwaka tulikuwa tukiita wachumaji. Mwaka ule akasema atapanda mwenyewe. Akapanda, akashuka, akapanda tena, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyayo, na pakacha lake halina hata kikonyo. Wachumaji walinitazama mimi, mimi nikatazama angani.

Kisha alasiri moja nilipita nje ya dirisha la chumbani nikamwona amelala kifudifudi juu ya mkeka. Nikadhani ameanguka. Kabla sijapiga ukelele, akaruka! Akasimama amechutama, miguu ameitanua, mikono ameinyoosha kama mtu anayevuka mtaro juu ya gogo. Magoti yakalia yote mawili kwa pamoja. Akasema "Ya Rabbi," akalala tena, akaruka tena. Niliyoyafikiri pale dirishani siyaandiki, maana wajukuu wangu wanajua kusoma.

Baada ya hapo mishumaa ikaanza kupotea kabatini, na mwezi ule umeme haukukatika hata mara moja. Na kila akisali alfajiri anachukua baskeli, anatoweka, harudi mpaka saa mbili na nusu, nywele mbichi, macho mekundu, njaa ya fisi.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu. Ni shoga yangu wa miaka yote, nampenda, lakini ana macho ya mwewe na mdomo usio na kitasa. Alikuja na kapu lake la sokoni, hajafika hata nyumbani kwake.

"Mwenzangu, kaa kitako kwanza. Nnatoka Konde. Mumeo nimemuona kwa seremala."

"Kwa seremala kuna nini?"

"Kuna ubao. Mrefu kuliko ntu, umepigwa randa mpaka unateleza. Nimemuuliza seremala wa nini, kasema mwalimu kamkataza kusema. Sasa nikwambie mie: ubao wa siri, ubao wa kitanda."

Kwetu kitanda na godoro vimo ndani ya mahari. Mwanamume akionekana kwa seremala na nyumba yake ina vitanda, mji mzima unaanza kumtafuta bibi harusi.

"Wa nti gani?" nikauliza.

"Wa nsufi."

Nikacheka, ingawa sikutaka. Msufi ni mti mwepesi, laini, hata kucha inaingia. Kitanda cha msufi hakimalizi fungate. Mume wangu hata huyo mke mdogo alikuwa anamfanyia ubahili.

Jirani alipoondoka kicheko kikaondoka naye. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati, mwanamke wa miaka hamsini na nne, kiuno kimehama mahali pake, nikaumia. Sisemi niliumia kidogo. Miaka thalathini nimeishi na mwanamume yule, na leo amejikausha kama samaki wa ng'onda ili apendeze kwa mtu mwingine. Lililoniuma zaidi ni kwamba nilimwona kweli anapendeza.

Lazima niseme pia kwamba miaka hiyo thalathini sikuwa mke mpole. Mimi ni mtoto wa pwani ya kaskazini. Utotoni tulikuwa tukibandua mbao za mitumbwi iliyokufa, tunaingia nazo baharini, tunangoja wimbi, tunalipanda tumbo chini mpaka mchangani. Wajuzi tulikuwa tukisimama. Mimi nilisimama kabla ya kaka zangu wote. Nilipovunja ungo, bibi yangu aliuchukua ubao wangu, akaukata kuni, akapikia muhogo. Muhogo ule niliula nikilia, na tangu siku ile sikupanda wimbi. Lakini maneno hayapikiwi muhogo. Kila nilipotaka kumchokoza mume wangu nilimkumbusha kwamba nilikuwa nikitembea juu ya bahari, na yeye, mtu wa Mtambile, maji yakimfika magotini anaanza kupiga shahada. Alikuwa akicheka tu. Sikujua kwamba kuna watu wanacheka na huku wanaweka.

Asubuhi ya tatu baada ya habari ya kitanda, mume wangu alipotoka na baskeli, nilimpa dakika chache, nikavaa baibui, nikasimamisha bodaboda. Tulimfuata kwa mbali, tukapita ndani ya msitu wa Ngezi. Aliposhika njia ya mchanga ya Vumawimbi nilishuka nikaenda kwa miguu. Njiani nilijikuta nimeshika mwiko. Mpaka leo sijui niliuchukua saa ngapi.

Nilitarajia kibanda. Nilitarajia khanga mpya kwenye kamba na mwanamke mwembamba anakoka moto. Nikakuta baskeli imeegemezwa mti, na chini yake kanzu imekunjwa vizuri, kofia juu yake. Pwani yote hakuna mtu. Kofia ile peke yake mchangani ilinitia baridi. Nilisahau mke mdogo, nilisahau kitanda, nikakimbilia majini nikimwita kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu uzazi wa mwisho.

Ndipo nikamwona. Alikuwa nyuma ya mkunjo wa mawimbi, amelala juu ya ubao, anapiga maji kwa mikono. Wimbi likaja, la kiasi, si la kutisha. Akalipigia mbio, likamnyanyua, na mzee wangu akaruka vilevile alivyokuwa akiruka mkekani. Akasimama. Miguu ameitanua, mikono ameinyoosha, kaptula imejaa upepo. Alisimama kwa muda wa kusema bismillahi ukifanya haraka, kisha ubao ukaenda huku na yeye akaenda kule.

Alitoka majini anakohoa, akanikuta nimesimama na baibui limelowa mpaka kiunoni na mwiko mkononi.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Nke wako. Mwenye kitanda."

Alinitazama, akautazama ubao, akautazama mwiko. Hesabu ikamkubali. Alicheka mpaka akakaa majini, na mimi nikamgonga begani kwa mwiko, mara moja, kwa haki.

"Miaka thalathini," akasema alipopata pumzi, "waniambia nimeoa ntu aliyetembea juu ya bahari. Nikasema nikistaafu ntajifunza, nisimame barabara, kisha nkulete uone. Sijawa tayari bado. Umeniharibia."

"Na mishumaa?"

"Nta. Nausugua ubao, nisiteleze. Naulaza hapa vichakani, juzi niliurudisha tu kwa seremala aupige randa tena."

Nililia pale pale, kwa hasira na kwa furaha, sikujua ipi imetangulia. Chai bila sukari, mguu mmoja, karafuu zisizochumwa, yote hayo yalikuwa yangu. Mtu alikuwa amejikondesha ili alingane na kijana mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

Sasa mwalimu ni mwalimu. Hakuniacha nilie mpaka nimalize. Akanisukumia ubao. "Haya, ntoto wa pwani. Panda nikuone."

Ningeweza kukataa, lakini nani angeishi na utani wake tena? Nikavua baibui, ndani nina gauni na suruali ya kuzuia baridi, nikafunga ushungi kwa mafundo mawili, nikaingia. Kichwa kilikumbuka kila kitu. Kilijua wimbi lipi la kuliacha na lipi la kulipigia mbio. Mikono ndiyo iliyonisaliti. Nilipiga maji mara sita ikawa mizito kama imefungwa mawe, wimbi likanipita, la pili likanibeba, nikajaribu kunyanyuka na magoti yakakataa kabisa. Nilirudi mchangani kichwa chini, nimekunywa bahari, ushungi umenizunguka shingo. Mume wangu hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Angecheka ningejua bado nina nafasi.

Nilirudi nyumbani. Siku iliyofuata nilipiga mswaki kwa mguu mmoja.

Yeye alichukua daftari, akanipangia kama anavyopanga kipindi. Maji ya kisima nibebe ndoo mbili, mkono huu na huu, nisitumie kichwa. Nikae chini kwenye mkeka, ninyanyuke bila kushika ukuta, bila kushika mtu, na bila kumtaja shetani. Nilale kifudifudi, niruke. Siku ya kwanza ya kuruka nilifika magotini nikabaki hapo kama ngamia, ikabidi aje anivute. Nazi nilikuna mimi kwa mkono wa kushoto pia. Sukari ilinitoka kwa machozi. Niligombana naye kila siku, nikamwambia amestaafu shule hajastaafu ukaidi, na kesho yake nikaamka kabla yake.

Kisha ikaingia Ramadhani, na Mungu atanisamehe kwa ninalolisema. Tarawehe ni rakaa ishirini. Kila rakaa unatoka kwenye sijda unasimama. Nilikuwa nasali kwa nia yangu safi, sikuchanganya ibada na mchezo, lakini magoti hayana elimu ya dini, yalikuwa yanahesabu yenyewe. Wiki ya kwanza nilinyanyuka kwa kuegemea mikono. Wiki ya tatu nilikuwa nanyanyuka wima kama wasichana, na kina mama wa safu yangu wakanong'onezana kwamba Bi fulani mwaka huu ameongokewa. Nilimuuliza bibi anayetufundisha kama ni makosa kufurahia nguvu za miguu ndani ya swala. Akasema mwili ni amana, autunzaye hana lawama. Sikumwambia natunzia nini.

Siku ya pili ya Iddi, asubuhi, watu wote wako kwenye biriani na nguo mpya, sisi tulikuwa Vumawimbi. Mume wangu alisimama maji ya kiunoni, hakupiga shahada. Niliyaacha mawimbi manne. La tano nililijua kwa jinsi lilivyonyanyua mgongo wake mbali, bila haraka. Nikalipigia mbio. Mikono ikakubali. Ubao ukashikwa na ile nguvu ya chini ambayo sikuwa nimeihisi tangu bibi yangu apike muhogo, nikaweka viganja, nikaleta miguu, nikasimama.

Nilisimama nikiwa na miaka hamsini na nne, na pwani yote ikawa inanijia. Nilimsikia mume wangu akihesabu kwa sauti ya darasani, moja, mbili, tatu, akafika saba. Nadhani alihesabu haraka ili nipate nyingi. Nilipoanguka niliibuka nikicheka na maji puani, na yeye akawa anapiga makofi juu ya bahari kama mtoto.

Ubao mmoja haukututosha. Tuligombania ule wa kwanza kwa wiki nzima, mpaka siku moja akapanda baskeli akaenda Konde. Mimi niliyajua yatakayofuata. Kabla ya adhuhuri jirani yangu aliingia na kapu lake, safari hii hata viatu hakuvua.

"Mwenzangu! Kaagizia cha pili! Kile cha mwanzo kimevunjika, nilikwambia nsufi!"

"Nnajua," nikasema. "Kaa."

"Unajua? Na umetulia hivyo?"

"Nimeridhia mwenyewe."

Akakaa. Nadhani hakuwahi kunitazama vile tangu tujuane. "Umemuona?"

"Nimemuona, siku ya pili ya Iddi."

"Ntoto, eti? Ishirini? Ishirini na tano?"

"Hata. Rika langu."

Jirani alishika kiuno, akashika kichwa, akakosa pa kushika tena. "Sasa mwanamume ana nke ndani, anafata mwanamke wa umri uleule, kisa nini?"

"Ana magoti mazuri," nikamwambia.

Nikamtilia chai yake na vijiko vitatu vya sukari, kama aipendavyo. Yangu nikaanza kuinywa bila sukari. Akatazama kikombe changu, kisha uso wangu, kisha ushungi wangu uliokuwa bado mbichi, na nikaona hesabu inaanza kumkubali.