Siku Nilipomwangusha Babu Uwanjani

Kuna siku moja naikumbuka, binti yangu, na kila nikiikumbuka mikono hii hufa ganzi, kwa sababu ndiyo mikono iliyomwangusha babu yangu mbele ya watu wa Muthara, kijijini kwetu. Naam, nilimsukuma. Mzee wa mvi, mshauri wa ukoo, mtu aliyenilea. Usinitazame hivyo. Kaa kwanza nikueleze.

Nimesikia umerudi kutoka shuleni umenuna. Eti mwalimu amekutia kwenye timu ya besiboli, lakini si kupiga wala kudaka, ni kuokota magongo. Eti hiyo ni kazi ya kijakazi. Mchagua jembe si mkulima, mama. Kazi hiyo niliifanya mimi, tena kabla hujafikiriwa.

Unajua inavyokwenda. Mpigaji akishaupiga mpira hulitupa gongo chini na kutimua mbio. Gongo hubaki pale karibu na kibao cheupe wanachokiita nyumbani, na hapo ndipo kila mkimbiaji humalizia safari yake. Sasa mkimbiaji anakuja macho yakiwa juu, anautafuta mpira, halafu anajitupa chini na kuteleza kwa miguu. Akikutana na gongo, mguu umekwenda. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuchomoka, kulichukua na kurudi benchi kabla hata watu hawajamwona. Mtu huyo nilikuwa mimi, msichana wa kidato cha pili, na nilijiona mkubwa kweli.

Babu hakujua lolote la mchezo huo. Alichojua ni fimbo. Yake ilikuwa nyeusi, imelainishwa na kiganja chake, na pale nyumbani hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Hata ikianguka tuliiacha mpaka aiinamie mwenyewe. Tena alituambia kwamba mwanamume akitupa fimbo miguuni pa mtu amemtukana, na tusi la namna hiyo haliishi bila mbuzi kuchinjwa.

Siku hiyo vijana wa upande wa Kiritiri walikuwa wamekuja kucheza nasi. Babu alikuwa ameteremka sokoni kununua chumvi ya ng'ombe, akasikia mjukuu wake yuko uwanjani. Akaja na kofia yake ya kanisani, akakaa ukingoni na wazee wenzake, akawaambia leo wataona mtoto wa kwake. Basi wakaniona. Vijana waliokwisha kutahiriwa wanatupa magongo, na mimi nainama naokota. Mzee mmoja mwenye mdomo akamwuliza babu kama nililetwa kutafuta kuni. Wakacheka. Babu hakucheka.

Mchezo ulikuwa mwishoni na tulikuwa nyuma kidogo tu. Murithi, mpigaji wetu hodari, akaupiga mpira ukaenda mbali, akalitupa gongo, akakimbia. Kutoka upande wa pili Mutwiri, mkimbiaji wetu mwingine, naye alikuwa anakuja nyumbani kwa kasi ya ajabu, shingo imegeuka nyuma. Nikachomoka. Nilipofika nilikuta kiatu cha babu kimelikanyaga gongo.

Sikuamini macho yangu, mwanangu. Alikuwa ameingia uwanjani, katikati ya mchezo, na fimbo yake mkononi. Akasema kwa Kimeru, kwa sauti ile ya barazani ambayo haipandi wala haishuki, "Wacha hiyo. Mwenye ameitupa arudi aichukue."

Na Murithi akarudi. Hapo ndipo ujue tulivyolelewa. Refa anapiga kelele, mwalimu ameshika kichwa, wageni wa Kiritiri wamepigwa na butwaa, lakini yule kijana alisikia mzee akiita, akaacha mbio zake, akageuka. Nani angempuuza mzee wa ukoo mbele ya watu?

Mutwiri hakusikia kitu. Alikuwa amekwisha kujirusha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimefundishwa hivyo, nawe nimekufundisha hivyo. Lakini siku ile guu lililokuwa linangoja kuvunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe, na la Mutwiri pamoja nalo, na hapakuwa na nafasi ya kusema samahani babu. Nikampiga kifuani kwa mikono yote miwili. Akaanguka chali. Kofia ikaruka. Nikalivuta gongo, na Mutwiri akapita mahali pale pale na vumbi lake.

Nilishtuka kuliko wote. Nilitazama mikono yangu kama si yangu. Msichana amemwangusha babu yake hadharani, jamani. Nilikuwa nimesikia habari za laana tangu utotoni, na mimi nilikuwa na hakika kwamba yangu imekwisha kufika, kwamba sitaolewa, sitazaa, na mvua itaniruka shambani. Nikapiga magoti. Nilitaka kulia, machozi yakakataa.

Babu aliketi pale chini, akautazama mchirizi mrefu wa vumbi alioacha Mutwiri. Ulipita alipokuwa amesimama. Akaugusa kwa kiganja, halafu akajivuta kando kama aliyegusa moto. Sikuwahi kumwona babu akiogopa kabla ya hapo wala baadaye. Kisha akamgeukia Murithi, akamwuliza kwa nini ameacha kukimbia.

"Si ni wewe uliniita, babu," akasema Murithi.

Mzee akafumba macho. Kwa kurudi kwake kabla ya kufika kituo cha kwanza, Murithi alikuwa ametolewa, na kwa kuwa ndiye wa mwisho kutolewa, pointi ya Mutwiri ikafutwa. Tukashindwa. Hakuna aliyemlaumu babu, maana nani angeanza?

Akainuka taratibu, akajipangusa. Nikangoja neno. Akaninyooshea fimbo yake, ile nyeusi, na mimi nikarudi nyuma kwa hofu nikidhani ni kipigo. "Shika," akasema. "Leo wewe ndiye umeona njia. Mimi niliona fimbo tu."

Nikaishika. Akanitemea mate kidogo kifuani, baraka ya kizamani ambayo nyanya yako huko kanisani hataki hata kuisikia, akarudi kukaa na wazee wake. Waliocheka hawakucheka tena.

Basi sikiliza, mwanangu. Heshima si utumwa. Waheshimu wakubwa, mimi nikiwemo, na ukiona jambo usilolielewa uliza kabla hujaingia uwanjani, kuuliza si ujinga. Lakini ukipewa kulinda njia ya mwenzako, ilinde. Usitazame nani anacheka ukingoni. Na siku utakapokuta kwamba kilichoziba njia ni mtu unayempenda na kumwogopa, msukume kwanza, piga magoti baadaye. Murithi alimtii babu, mimi nilimwangusha, na babu alitembea kwa miguu yake miwili hadi alipofariki.

Fimbo yake ndiyo ile iliyo nyuma ya mlango, ambayo nimekukataza kuigusa. Leo nenda uichukue. Mungu akuondolee njiani kila usichokiona, mama, na wale utakaowaondolea wewe wafike nyumbani salama, hata wasipojua ni nani aliyekuwa pale.