Nilimtoa Kabla ya Arobaini

Nakumbuka siku moja pale Temeke, enzi za Mwingereza, nimesimama na kichanga changu na mama mkwe kaziba mlango kwa mwili wake. Mwanangu, mpaka siku hiyo sikuwahi kumjibu mkubwa.

Mtoto alizaliwa na uvimbe laini chini ya taya, na kila kukicha ulizidi. Nikimlaza chali anakoroma, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi. Nikimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, pumzi inarudi. Basi nikawa nashinda naye mkononi, nasinzia nimekaa. Mama mkwe aliamini ni jipu, akamwita mganga aje alipasue kwa wembe. Hospitali hataki kuisikia, kwani mzazi na mtoto hawavuki kizingiti kabla ya arobaini.

“Unamtoa mtoto hajatimiza siku zake! Watu watasemaje?”

“Waache waseme, mama. Huyu anakosa pumzi.”

“Ukitoka usirudi!”

“Shikamoo, mama,” nikasema, nikajipenyeza ubavuni mwake.

Nilitembea hadi hospitali ya mjini, maziwa yananichuruzika, na hofu yangu usiulize. Nesi akaniambia nimlaze chali mezani apimwe. Nikakataa. Akafoka, nikafoka zaidi: “Niitie daktari, mie huyu simlazi!” Daktari alipomwona anavyohema akasema abaki hivyo hivyo mkononi mwangu. Akavuta maji ya ule uvimbe kwa sindano, na mtoto akalia. Tangu azaliwe sikuwahi kusikia sauti yake kamili. Nikalia naye. Alipopata nguvu kidogo wakampasua, akapona.

Mama mkwe hakunisemesha hadi anaingia kaburini. Nilimlilia kwa dhati, maana alimpenda mjukuu wake kwa namna aliyoijua. Lakini radhi sikumwomba, na leo siombi.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtoto akihangaika kupumua, usingoje siku zitimie wala ruhusa ya mtu. Mbebe kwa mkao unaompa pumzi, usikubali uvimbe uchezewe na wembe, kimbilia hospitali, na ukifika sema kwa sauti. Wakikuita huna adabu, itika, ilimradi mtoto yu hai. Mungu akujalie watoto wenye vifua vizima, na wewe akupe kichwa kigumu kama changu. Amina.