Tabaka la Maji

Mama alikuwa hataki kuhama. Ziwa lilikuwa limeshameza nyumba zilizokuwa mbele yetu pale Ujiji, na ya kwetu, ya tofali za udongo, ndiyo iliyobaki kupokea mawimbi. Kila nikimwambia njoo ukae kwangu Gungu, ananiuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Siku moja nikakasirika, nikamwambia basi nitaichora nyumba yako kabla haijaondoka. Akanicheka.

Kazi ninayo, jamani. Nachapisha kadi za harusi na mabango. Wateja walianza kulalamika kwamba picha zangu zinang'aa mno, hazina mkono wa mtu, nikajifunza kwa video za kwenye simu namna ya kuchora kwenye kishikwambi, picha ionekane ya penseli. Mambo yote yako kwenye matabaka. Picha ya kamera unaiweka chini kabisa. Juu yake unaweka picha ya karatasi yenye chembechembe, unaififisha. Kisha mistari, kisha rangi. Kila tabaka lina alama ya jicho pembeni, ukiigusa tabaka linajificha, ukiigusa tena linarudi. Na mstari usinyooke! Mkono utetemeke, kona zipitane, rangi imwagike kidogo nje ya ukuta. Ukinyoosha kila kitu, mashine inakuumbua.

Basi kila Ijumaa nikishuka kumsalimia, nakaa juu ya ndoo niliyoipindua, karibu na kichanja chake cha kuanikia dagaa, napiga picha, nachora juu yake.

"Usiniweke mimi humo," alinionya. "Wanaochorwa siku hizi ni marehemu wa kwenye fulana za msiba."

Sikumweka. Nilichora mlango, dirisha la chumba chake, na mchikichi wa uani ambao chini yake alizika vitovu vyetu, mimi na kaka zangu. Nyumba niliipa tabaka lake, na maji niliyapa lao peke yake, juu ya mchanga niliouchora mwanzo, maana kila nikirudi nalazimika kuyachora upya. Yalikuwa nyuma ya kichanja. Yakafika kwenye kichanja, Mama akakisogeza. Yakafika kwenye mchikichi. Hayakuja kwa kishindo, mchana yalitulia tu, yanameremeta, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ningeyaelewa kama yangepiga kelele.

"Mama, twende."

"Niviache vitovu vyenu viogelee? Nenda zako."

Asubuhi moja, nikiwa kazini, niliifungua picha niisafishe. Nilikuwa najivunia kona moja ya ukuta, ile ya chumba cha Mama. Mstari wake ulikuwa umetetemeka vizuri kweli, mkono wa fundi, nikajisemea mwenyewe. Nikaficha rangi, nikaficha mistari, nikaficha karatasi. Ikabaki picha ya kamera peke yake, na kona ilikuwa bado imepinda.

Nikaitafuta picha ya Ijumaa ya kwanza. Humo kona ilikuwa imenyooka. Kwenye picha mpya ufa ulishuka kutoka dirishani mpaka chini, na mimi nilikuwa nimeufuata wote kwa brashi, nikausifu. Upande wa ndani wa ukuta ule ndipo kilipo kitanda chake.

Nilichukua bodaboda, nikamwambia dereva akimbize, akimbize. Mama nilimkuta chumbani, amekaa kitandani, anakunja nguo.

"Shikamoo Mama. Ukuta unaanguka."

"Marahaba. Unazeeka tu, kama mimi."

Nikamwonyesha picha zote mbili. Alizitazama, akashika kishikwambi mwenyewe.

"Hilo jicho la nini?"

"La kuficha."

"Hebu ficha maji."

Nikaficha picha ya kamera, kisha maji. Uwanja ukarudi, mchanga mkavu mpaka mbali. Akatabasamu, akasema ndivyo uwanja ulivyokuwa baba yako alipokuwa hai.

"Rudisha. Sasa ficha nyumba."

"Mama, jamani!"

"Ficha, nimesema."

Niligusa. Yakabaki maji na mchikichi umesimama ndani yake. Tukasikia maji yakigonga chini ya ukuta, polepole, karibu na miguu yetu. Mama alinirudishia kishikwambi, akapanda juu ya kitanda, akaanza kuchomoa pazia.

"Usinikodolee macho. Shika upande huo."

Tulipomaliza kutoa vyombo alichukua kopo la maziwa ya unga, akaingia majini mpaka kwenye mchikichi, akainama, akachimba kwa vidole. Alirudi na tope. Akanikabidhi kopo, akasema nibebe mwenyewe, ni la kwangu na kaka zangu. Nililia barabarani mpaka dereva akaniuliza nani kafariki.

Ukuta ulianguka kabla mvua hazijakatika. Uliangukia ndani, mahali pa kitanda.

Sasa anakaa kwangu, na kopo liko dirishani. Ile picha sijaimalizia. Juzi, tukinywa chai, aliniuliza kama hii nyumba ya Gungu nimeshaanza kuichora. Nikamwambia bado.

"Usithubutu," akasema.