Ya Kawaida au ya Kazi Nzito

Shemeji yangu alipiga simu kutoka Maskati siku ya Ijumaa, baada ya swala, kwenye duka la vipuri la mtaani kwetu Mabawa ambalo ndilo lililokuwa na simu. Mwenye duka alimtuma mtu aje kutuita, na nyumbani nilikuwepo mimi peke yangu. Nilijitanda kanga nikiwa tayari njiani.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Wote wawili wamezaliwa Pemba. Mkubwa alivukia Tanga kufuata kazi ya kiwanda, mdogo akavuka mbali zaidi, akawa fundi katika karakana ya kompyuta huko Uarabuni. Tulisalimiana harakaharaka kwa sababu simu za mbali hazikuwa za kuaminika. Akaniambia kampuni yake inabadilisha mashine, na wafanyakazi wanaruhusiwa kununua kwa bei ya chini. Alikuwa amepata nafasi ya kununua moja, na angependa iwe yetu.

"Ziko mbili, shemeji, uchague wewe," alisema. "Kioo kilekile, kibodi ileile. Tofauti ni prosesa, ubongo wa mashine. Moja ni ya kawaida, hii ya kompyuta za maofisini. Ya pili ni ya kazi nzito, wanaitumia wahandisi na wachora ramani. Unataka ipi?"

Nikamwuliza ipi ni bora. Akacheka, akasema inategemea bora kwa kazi gani, kisha sauti yake ikaingia mvumo, na simu ikakatika. Alipopata laini tena aliniwahi kwa maneno machache tu: atapiga Ijumaa inayofuata, wakati kama huo, na nisikose kuwa na jibu.

Nilirudi nyumbani nikaupita mlango wetu, nikafika hadi kwenye kona ya kisima ndipo nikatambua kwamba nimepita.

Sikuwa nimezoea kuulizwa nataka ipi. Nilipokuwa msichana sabuni ilikuwa ya aina moja, na hiyo moja ilikuwa ya foleni. Kanga zikifika duka la ushirika ulichukua ile iliyokuwa juu ya rundo, ukashukuru. Hata kazi sikuitafuta, nilipangiwa. Nilitoka chuo nikapelekwa kuwa mchora ramani katika ofisi ya mashirika ya mkonge, nikakaa pale nikichora mipaka ya mashamba kwa kalamu ya wino juu ya karatasi angavu, mpaka mashamba yalipoanza kuuzwa kwa watu binafsi na sisi wachoraji tukapunguzwa. Kiwanda cha mume wangu kilikuwa kimefungwa kabla ya hapo. Vitu vikawa vimejaa madukani, sabuni za kila rangi, na sisi wawili tuko nyumbani tunatazamana.

Kazi niliyokuwa nikiitegemea ilikuwa moja. Shamba la mkonge lililokuwa Mwera, upande wa Pangani, lilikuwa limepata mwenyewe mpya, na meneja aliyeletwa kuliendesha alikuwa anataka ramani zake zote zichorwe upya ndani ya kompyuta. Aliniambia nikimridhisha kwa shamba hilo, yako mengine. Nilikuwa nimesomea programu ya kuchorea kwenye mafunzo mafupi Dar es Salaam, na disketi zangu nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya bati la biskuti kwa kuogopa unyevu wa pwani. Kilichokosekana ni mashine. Na sasa mashine ilikuwa inakuja, mimi ndiye niliyekuwa sijui ichukuliwe ipi.

Mume wangu hakuwa na shaka hata kidogo. Jioni ile nilipomweleza alisema ichukuliwe ya kawaida. Akanieleza taratibu kwamba shule zinatafuta mtu wa kuzichapia mitihani, kwamba kila wiki mjini kuna harusi na harusi haina budi iwe na kadi, kwamba watu wana barua za madai, wana hati za kuuziana viwanja. Ramani ya shamba zima la mkonge inaletwa mara ngapi kwa mwaka? Nikamjibu kwamba kadi za harusi zinachapwa hata na mashine ya taipu, na kama tumepewa bahati ya kupata chombo cha wahandisi, kwa nini tuchukue chombo cha karani. Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia.

Aliivua miwani yake, akaipangusa.

"Wewe wataka mashine ambayo mwengine hataweza kuigusa," alisema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshaiona akilini: mashine yangu, ramani zangu, mlango umefungwa, na mtu akija na kadi yake ya harusi anaambiwa hapa si mahali pake. Tangu nipunguzwe kazi, nilikuwa nakutana na watu sokoni wananiuliza siku hizi nafanya nini, nami nazungukazunguka bila kuwa na neno la kuwaambia. Nilifikiri prosesa ile ingenipa hilo neno.

Siku zilizofuata sikukaa mahali pamoja. Nilianza kufua nikaacha maji yakapoa. Nilikwenda sokoni nikarudi bila nazi niliyoifuata. Mume wangu naye alikuwa vilevile, ila yeye mahangaiko yake huyatoa kwa mikono. Alileta mbao za makasha alizopewa kiwandani siku za mwisho akaanza kutengeneza meza uani, akipima na kukata, akipima tena. Tulikuwa tunapishana mlangoni bila kuzungumza juu ya jambo lililotuhangaisha sote.

Mwishowe nikasema nitakwenda Amani. Kule juu, kwenye kituo cha utafiti cha msituni, alikuwa akifanya kazi dada mmoja wa Kisambaa niliyesoma naye mafunzo ya Dar, na aliwahi kunieleza kwamba wana mashine za aina zote mbili. Mume wangu hakunizuia. Alinipa koti lake la mvua tu.

Nilipanda basi hadi Muheza, na kutoka hapo nikapata gari la chai linalopanda mlima. Njia yote ya kona zile mvua ilikuwa ikitupiga, nami nimelikumbatia bati langu la disketi kama nimebeba mtoto. Mwenzangu alinipokea kwa furaha, akanipa chai ya moto, akaniingiza katika chumba chenye harufu ya karatasi zenye ukungu. Mashine mbili zilikuwa kwenye meza jirani. Kwa nje usingejua tofauti.

Hakunihubiria. Aliniambia niweke disketi zangu mwenyewe, nijionee.

Nikaanza na ile ya kawaida. Nilikuwa na kipande cha shamba la Mwera, vitalu vya karibu na mto, na kilijichora bila shida, mstari kwa mstari, kama nilivyozoea Dar. Kisha nikahamia kwenye ile ya kazi nzito. Nikaweka programu ileile na kipande kilekile. Nikasubiri. Mistari ikawa inatoka kwa kusitasita, inakwama, inatoka tena. Nilidhani nimekosea kitu, nikarudia tangu mwanzo. Ikawa hivyohivyo. Mashine ya wahandisi ilikuwa inashindwa na ya karani.

"Haijaharibika," alisema mwenzangu. "Programu yako ni ya zamani, na prosesa hii imetengenezwa kwa ajili ya programu mpya. Ngoja nikuonyeshe programu iliyo yake."

Akaizima, akaiwasha na mfumo mwingine nisioujua, akafungua ramani ya msitu mzima wa Amani, miinuko yote, mito yote. Akaigeuza. Milima ikageuka kwenye kioo kama chungwa linalogeuzwa mkononi. Akaniachia kiti, nami nikaigeuza na kuigeuza, nikaingia mabondeni, nikapanda tena, mpaka chai yangu ikapoa. Sijui kama nimewahi kukitamani kitu kama nilivyokitamani kile.

Nilimwuliza programu hiyo inapatikana vipi. Akasema waliletewa na wafadhili, pamoja na mtu wa kuwafundisha aliyekaa nao muda mrefu. Na ikiharibika? Kompyuta ya kawaida, alisema, kifaa chake kinapatikana Dar, hata Tanga ukibahatika. Hii wakati mmoja ilikaa imefunikwa kitambaa msimu mzima wa masika, wakingoja kifaa kutoka ng'ambo.

Nikamwambia basi nishauri.

"Dada, mimi mshahara wangu unaingia mashine ikiwa nzima na ikiwa mbovu," alisema. "Ndiyo maana mimi siwezi kukuchagulia."

Niliteremka mlima nikiwa na amani ndogo kuliko niliyopanda nayo. Ingekuwa rahisi kama ile nzito ingekuwa mbaya, au kama nisingeigeuza ile milima kwa mkono wangu mwenyewe. Garini abiria mwenzangu, bibi mmoja mwenye kikapu cha iliki, alinisemesha mpaka akachoka. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa kusahau kwamba nilishamwamkia.

Nyumbani nilikuta meza imekwisha. Mume wangu alikuwa ameiinua juu upande mmoja na kuuinamisha kidogo, kama meza za wachoraji zilivyo, ili niweze kutandaza karatasi zangu kubwa pembeni ya kompyuta. Upande wa pili ulikuwa chini, wa kuchapia. Niliipapasa nikamwambia imetoka vizuri. Nilimweleza yote niliyoyaona Amani, ya programu, ya vifaa, hata ya milima. Alisikiliza, akaniambia kesho kutwa simu nishike mimi.

Ijumaa tulikwenda wote dukani. Tulisimama kati ya mikanda ya injini na makopo ya grisi, mwenye duka akijifanya anahesabu boliti. Simu ilipolia mume wangu alirudi nyuma hatua moja.

Shemeji aliuliza hali, nikamwambia salama. Akauliza jibu.

"Ya kawaida," nilisema.

Akaniuliza kama nina hakika. Nilitaka kusema sina. Nikasema ninayo. Basi, akasema, kwa kuwa ile ni nafuu, fedha inayobaki ataitia kwenye kumbukumbu ya mashine, aiongeze kadiri itakavyochukua, kwa sababu kwa ramani kubwa na programu niliyonayo hiyo itanifaa zaidi. Nikamwambia afanye hivyo. Nikampa mume wangu simu wasalimiane, wakaanza kucheka kwa Kipemba chao.

Tulipotoka nilisimama barabarani. Nilitaka kurudi ndani nimpigie nimwambie nimebadili nia, lakini sisi hatukuwa na uwezo wa kumpigia yeye, yeye ndiye aliyekuwa akitupigia. Mume wangu alinishika kiwiko tukaendelea kutembea.

Kompyuta ilifika kwa meli mpaka Dar na kwa basi mpaka Tanga, na kwa muda kila kitu kilikuwa kama alivyotabiri mume wangu. Asubuhi alichapa mitihani na kadi kwa vidole viwili, mchana nikakaa mimi. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo tulijifunza kuhifadhi kazi kila mara. Shamba la Mwera likiwa zima lilikuwa zito, nikibonyeza lijichore upya ninafagia chumba na bado halijamaliza. Nikalikata vipande kwa vitalu, nikawa naunganisha mwishoni. Kila niliposubiri niliiona ile milima ya Amani ikigeuka.

Meneja wa Mwera alikuja mwenyewe nyumbani kuitazama ramani. Nilimwonya kwamba itachukua muda kutokea. Akavuta kiti akakaa, mistari ikatoka mmoja baada ya mwingine: mto, reli ndogo ya mkonge, kambi za wafanyakazi, mpaka wa kusini. Aliinama kwenye kioo akanyoosha kidole kwenye kitalu kimoja, akasema hapo pana korongo jipya, mvua ya mwaka jana ililikata. Nikalichora palepale akitazama. Kabla hajaondoka alikuwa amenipa mashamba mengine mawili, na moja lilikuwa kubwa kuliko la Mwera.

Alipotoka mume wangu aliingia, akabaki amesimama nyuma ya kiti changu akiitazama ramani.

"Nifundishe mie mpaka wa shamba unavyochorwa," alisema. "Hayo mawili huyawezi peke yako."

Nikampisha kiti. Nikamwonyesha pa kuanzia na pa kuishia, na jinsi ya kufuta akikosea. Mkono wake ulikuwa mzito, mstari ukampeleka mtoni, akaufuta, akauanza tena. Nilikaa karibu naye nikajizuia nisiukamate mkono wake. Nilipoona siwezi kujizuia zaidi nikatoka uani. Nilianua nguo zilizokuwa bado mbichi, nikazianika upya, nikawa nasikia kibodi inabonyezwa mara moja, kimya, mara nyingine.