Firigisi ya Arobaini

Kwa mama lishe ninayekula kwake mchana, hapa Korogwe karibu na kibanda changu cha cherehani, wananiita "yule wa maharage." Nina miaka tisa sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na katika miaka yote hiyo sijampata mtu aliyeniuliza sababu kisha akasubiri jibu. Wanauliza na kujijibu wenyewe. Una gauti? Una presha? Umekuwa Msabato? Kuna mteja aliyeniletea kanzu ya kupunguza, akanikuta nakula kisamvu kitupu na wali, akasema kwa huruma kabisa, "Pole, fundi. Ipo siku mambo yatakaa sawa." Alidhani ni ufukara. Nilimpunguzia kanzu yake.

Mama lishe mwenyewe siku za mwanzo alinipakulia mchuzi wa ng'ombe, akachambua vipande kwa mwiko, akanisogezea sahani. "Nimekutolea nyama yote, baba, kula." Nilipokataa alinuna wiki nzima. Siku hizi ananitengea maharage ya nazi kwenye bakuli langu, lakini lazima apaze sauti: "Ya fundi hayo, msiyaguse, ana masharti ya mganga!" Watu wanacheka. Na mimi nacheka, kwa sababu nisipocheka wataamini.

Sababu ninayo, na nitaisema hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza. Kabla ya cherehani nilikuwa nanunua kuku. Nilizunguka Misima, kijijini kwetu, na vijiji vya jirani kwa baiskeli, nikakusanya kuku wa kienyeji, nikawajaza kwenye matenga, na gari likawapeleka Mkumbara kwa tajiri aliyewauzia wenye hoteli za barabarani. Siku moja gari liliharibika njiani, saa sita mchana, jua la kiangazi. Mimi na dereva tulikaa kivulini kusubiri fundi. Kuku hatukuwashusha. Tulipofika Mkumbara jioni, matenga ya chini yalikuwa kimya.

Tajiri alifungua, akatazama, akanipa kisu. Akaniambia niwakate shingo upesi kabla hawajapoa, ionekane walichinjwa. Niliwakata. Mimi, niliyesoma madrasa mpaka nikahitimu, nilikata shingo za vibudu ili watu waje wavile na wali huku wakisema bismillahi. Siku ya pili yake mke wangu alipika kuku na nikashindwa kumeza. Baadaye ikanishinda nyama ya ng'ombe, yakafuata mayai, kisha maziwa, hata yale ya mgando wanayoleta Wamasai, niliyokuwa nikiyapenda kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu. Kila nilipoyasogeza mdomoni niliona matenga yale ya chini.

Mama yangu hakunielewa, ila hakunisumbua. Nilipokwenda Misima alinipikia bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mlenda, akaketi kunitazama nikila. Nikimaliza anasema, "Haya." Alilisema neno hilo kama mtu anayefunga mlango polepole ili asimwamshe mgonjwa. Baba alikuwa mkali zaidi. Alisema mwanamume asiyekula nyama atazikwa na kilo zake za kuzaliwa. Kisha akafa yeye, miaka mitano iliyopita, ghafla, akitoka kisimani.

Hapa lazima nieleze habari ya firigisi, ingawa kwenye ukoo wetu mtoto wa miaka mitatu anaijua. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Hata akiwa shamba itawekwa mpaka arudi, na mtoto akiidokoa atachapwa. Baba akifa, siku ya arobaini, wageni wakishakula pilau na kuondoka, wazee wa ukoo hubaki mkekani na kuletewa kuku wa nyumbani. Firigisi ya kuku huyo anapewa atakayekaa mahali pa marehemu. Hakuna hotuba wala maandishi. Anakula, wazee wanaona, basi.

Mimi ni kifungua mimba. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja na kibakuli, akapiga magoti mbele yangu. Harufu ya ule mchuzi iliponifika niligeuza uso. Nikasema kwa sauti nzuri tu, ya mtu mwenye adabu, "Shangazi, mimi sili nyama. Mpe mdogo wangu."

Shangazi hakuinuka. "Una hakika, baba?"

"Nina hakika." Nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Mdogo wangu alinitazama mara moja, akapokea, akala. Baba yetu mdogo alikohoa. Mila ile nimeijua tangu nikiwa mtoto mdogo, lakini dakika ile nilikuwa nawaza nyama, nyama peke yake. Nimewahi kufanya upumbavu mwingi, ila wote ukiuweka pamoja haufiki huo.

Sikugundua upesi. Niliona tu kwamba nikipiga simu nyumbani naambiwa mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Kisha macho ya mama yakaanza. Alisema taa ina duara kuzunguka, na kwamba watu wakija kwa pembeni hawaoni mpaka wamsalimu. Nilipanda basi mpaka Chanika, mji ulio jirani na kijiji chetu, nikachukua bodaboda hadi Misima, nimepania kurudi naye Korogwe akaonwe na daktari wa macho. Nilimkuta mdogo wangu amekaa na baba mdogo. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba, nikaeleza nilichofuata.

"Ni mtoto wa jicho huyo," mdogo wangu akasema. "Mtoto wa jicho hatolewi mpaka aive. Tusubiri."

"Nani kakwambia?"

"Kaka, nimesema tusubiri."

Nilimgeukia baba mdogo anisaidie. Alichokisema nakumbuka neno kwa neno. "Mwanangu, mwenye nyumba ameshasema. Ulimkabidhi wewe mwenyewe. Tulikuwa tumekaa pale, tulikuona."

"Nilikataa nyama, baba. Sikukataa nyumba."

"Sisi tuliona firigisi," akasema.

Nilimwendea mama jikoni, nikamsihi. Nikamwambia bodaboda iko nje, avae tu khanga twende. Alinishika kidevu, akasogeza uso wake karibu ili anione. "Siwezi kutoka bila ruhusa ya mdogo wako, mwanangu. Ndiye aliyeshika nyumba." Nilirudi Korogwe peke yangu na hasira ambayo sijui niipeleke kwa nani. Kwa mdogo wangu? Hakuomba, nilimpa. Kwa mama? Ningeanzaje?

Walisubiri jicho liive mwaka na miezi. Mama alipoanza kujigonga kwenye milango, mdogo wangu mwenyewe alimleta Korogwe. Daktari alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akavuta kiti. Akasema haikuwa mtoto wa jicho. Ilikuwa presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Angeletwa mapema angepewa dawa ya matone, angebaki na alichokuwa nacho. Mdogo wangu alilia palepale kwenye benchi. Mimi sikumfariji. Natamani niseme nilimfariji.

Tangu hapo watu wakiniuliza sili nyama kwa nini, natamani nijibu kwamba ni kwa sababu nina roho laini. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu moyoni, nisiseme uongo. Nilijiona bora kuliko wote pale mkekani, mtu safi asiyekula kilichokufa kwa mateso, na usafi wangu huo mama yangu ndiye aliyeugharamia. Bado sili. Sijui kama ni imani au ni ukaidi. Nikipita kwenye mabucha ya sokoni bado naziba pua na kuvuka upande wa pili, kwa hiyo nadhani ni kweli, lakini ukweli wake haunipi raha tena.

Idi iliyopita nilikwenda Misima na mke wangu. Mama anapika bado, hakubali kukaa bure. Anapapasa mafiga, anapima chumvi kwa ulimi. Mdogo wangu alichinja kuku. Tulipokaa mkekani mama aliingiza mkono kwenye sufuria, akawa anatambua kila kipande kwa vidole na kutaja mwenyewe: paja hili la mkwe wangu, kidali hiki cha mjukuu. Kisha akaipata firigisi. Akanyoosha mkono, lakini aliukosea upande. Ulisimama katikati, baina yangu na mdogo wangu, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Pokea, baba."

Mdogo wangu aliniangalia. Hakunyoosha mkono. Mama akarudia, "Pokea basi, naungua." Nikapokea. Nikaitia mdomoni yote, na firigisi ya kuku wa kienyeji ni ngumu, haimezeki haraka.

"Umeipata?"

"Ninayo mimi, mama," nikasema, mdomo umejaa.

Alitambua sauti, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu baba afe. "Wewe tena? Wewe huli nyama, mwanangu. Acha utani, mpe mwenyewe."

Nilitaka kusema. Nilimtazama mdogo wangu, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

"Nimeshaila, mama," akasema yeye.

"Haya," mama akasema, akarudisha mkono kwenye sufuria.

Mimi nilikuwa bado naitafuna.